Siku Fundi Alipoachia Breki

Fundi alikuwa na miaka arobaini na saba, wajukuu wawili, na cherehani aliyoikanyaga tangu kabla hajaolewa. Kwa hiyo rafiki yake muuguzi alipoingia dukani Jumanne na kutangaza kwamba Jumamosi wataenda kupanda mlima kwa baiskeli, alitema pini alizokuwa ameziuma, akacheka mpaka mteja aliyekuwa akipimwa kiuno naye akacheka, bila kujua kinachochekwa.

"Shosti, umejidunga dawa za wagonjwa?"

"Daktari kaniambia nifanye mazoezi. Na sitaki kufa peke yangu."

"Basi nenda naye huyo daktari."

Lakini Jumamosi asubuhi alikuwapo, na baiskeli ya kuazima kwa shemeji yake, gauni, na chini ya gauni suruali ya mumewe iliyokunjwa mara tatu. Muuguzi yeye alikuja amejikamilisha: kofia ngumu, glavu, miwani ya njano, na suruali ya kubana inayong'aa.

"Mama wee!" Fundi akamzunguka. "Kitambaa kiliisha?"

"Inapunguza upepo."

"Upepo gani, na mwendo wako huo?"

Njia ilianzia nyuma ya tangi la maji, ikapanda kwa kujipinda katikati ya miti. Hapo muuguzi akaumbuka. Gia alizibadilisha zote, na hakuna iliyomwonea huruma. Fundi alimpita amekaa wima kama yuko dukani, magoti yakipanda na kushuka, pumzi ikiwa palepale. Alifika juu, akakaa kwenye jiwe, akamaliza chungwa zima ndipo mwenzake akatokea akiisukuma baiskeli.

"Nikupime presha?"

"Nyamaza. Nipe chungwa."

Kisha fundi akatazama upande wa kushukia. Mteremko ulikuwa wa changarawe na mizizi, ukikata kona mahali asipopaona. Kicheko kikamkauka. Muuguzi alitangulia, akashuka kama maji, akasimama chini kumngoja. Fundi alibana breki zote mbili. Baiskeli ikaburuta kidogo, ikagoma. Akashuka, akaanza kuikokota.

"Unaitembeza kama mbuzi?" muuguzi akaita.

"Natazama mandhari."

"Mandhari yako kwenye vidole vya miguu?"

Fundi alizidi kuzing'ang'ania breki. Muuguzi alikuwa amekaa wodini miaka ishirini, na mikono ya mtu mwenye hofu aliijua. Akaigeuza baiskeli, akaisukuma kupanda tena hadi alipo mwenzake.

"Unaogopa nini hasa?"

"Kuvunjika mkono. Nisiposhona, mimi ni nani?"

Muuguzi hakucheka. Alivua glavu zake, akamvisha kidole kwa kidole. "Kaa nyuma kidogo. Usilitazame jiwe, tazama unakokwenda. Breki ziguse tu, usizinyonge. Fuata mgongo wangu."

Fundi akafuata. Mzizi wa kwanza aliupita kwa yowe, wa pili kwa nusu yowe. Kwenye ile kona vidole vikajiachia vyenyewe, baiskeli ikashika kasi, gauni likajaa upepo, na akajisikia anacheka. Hakikuwa kile kicheko chake cha kuwatania watu. Hiki kilitoka chini kabisa tumboni, na hakukumbuka alikisikia lini mara ya mwisho.

Muuguzi akageuka kutazama anayecheka ni nani. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, naye akatua kichakani miguu juu.

"Umeumia?" Fundi alifika mbio.

"Suruali," muuguzi akasema kwa sauti ndogo.

Mshono wa nyuma ulikuwa umeachia wote, juu hadi chini. Fundi akavua glavu, akachomoa sindano yenye uzi kwenye ukosi wa gauni, akamlaza kifudifudi kwenye nyasi, akaanza kazi. Bwana na bibi mmoja waliokuwa wakitembea wakasalimia kwa heshima kubwa, wakitazama miti.

"Kushona gani huku?" Fundi akaguna. "Aliyekushonea alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Malizia, watu wanapita!"

"Tulia. Nikimaliza tunapanda tena."

"Tena? Leo?"

"Leo hii. Ile kona nimeipita macho nusu nimefumba. Nataka niione."

Muuguzi akalaza shavu kwenye nyasi, akaomba angalau uzi uishe. Haukuisha.