Anayeuliza Kila Dakika Nani Kafa

Kitendawili: nagonga mlango kutwa, najibiwa hakuna jipya, naondoka bila kununa. Jibu ni kivinjari cha Umm Ghazwan wa mji wa Salt, na mlango ni tovuti ya mtaa wake, inayotoa taarifa za misiba.

Umm Ghazwan alikuwa na sifa moja aliyoitunza kama meno yake ya mbele: kwenye msiba wowote, wa kwanza kuingia na birika la kahawa chungu ni yeye. Basi akakiamuru kivinjari kiulize kila dakika kama kuna aliyefariki. Kikauliza. Alipolala, kikaendelea kuuliza.

Wiki ile, kwa mujibu wa kivinjari, hakufa mtu. Umm Ghazwan akaona ni heri, akakaa kuponda zeituni za achari.

Jioni moja akamwona jirani anapita na viti vya msibani.

"Vinatoka wapi?"

"Kwa Umm Zaidun. Kaka yake alizikwa juzi, leo wanaanua matanga. Tulidhani mmegombana."

Umm Zaidun ni shoga yake tangu wote wawili wakiwa maharusi. Umm Ghazwan akaosha mikono, akampigia simu mkwewe Rawya kule Zarqa, ndiye mwangalizi wa tovuti ile.

"Mwanangu, kivinjari changu kimelala?"

"Hakijalala, mama. Kikikosa taarifa mpya kinakuonyesha zile za zamani kilizojiwekea."

"Kinakosaje?"

"Kuna mtu alikuwa anatugongea kila dakika, usiku na mchana, anataka kujua nani kafa. Nikasema huyu ana lake jambo. Nikamfungia."

"Ukamfungia."

"Sikujua ni wewe, mama."

"Sasa umejua."

"Nimejua. Nifungue?"

"Fungua. Adabu ni kuuliza kila baada ya muda gani?"

"Saa moja inatosha, mama. Wafu hawana haraka."

Alipofika na birika lake, Umm Zaidun hakuinuka.

"Karibu, wa kwanza," akasema. Wanawake waliobaki wakatazama ndani ya vikombe vyao.

Njiani Umm Ghazwan alikuwa ameshona uongo mzuri kuhusu umeme. Akauacha. "Niliuliza mno nani kafa, mpaka mkwe wangu akanifungia mlango bila kujua ni mimi."

"Uliuliza mara ngapi?"

"Kila dakika."

"Kaka alipokuwa mgonjwa, ulikuja kumjulia hali mara nne kabla ya adhuhuri."

"Nilikuwa na wasiwasi."

"Alikuwa akisema, huyu anasubiri nife awahi na birika."

"Mungu amrehemu. Hakukosea sana."

Umm Zaidun akanyoosha kikombe. Akamiminiwa, akaonja.

"Imepoa," akasema. Viti vilikuwa vimekwisha kurudishwa, kwa hiyo akasogea, akamwachia mwenzake nusu ya kiti chake.