Pipa la Regis

Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi, kabla mtambo wa magurudumu haujaanza kupita shamba kwa shamba kupika mvinyo uwe brandi, nyumba ya akina Labadie huwa na mchezo wake. Kila mtu analeta chupa yake, glasi zinamiminwa jikoni pasipo mtu kuona, kisha zinaletwa mezani bila jina. Watu wananusa, wanaonja, wanabishana mpaka jua linatua nyuma ya mizabibu. Anayemimina ni Roselyne, mke wa mtoto wa nyumba. Anayeosha glasi ni Roselyne huyo huyo. Kwa miaka yote aliyoishi pale hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anaonaje, naye alishachoka hata kungoja kuulizwa.

Mwaka huu alichoka zaidi. Mumewe Regis alianguka shambani mwezi wa tatu akipogoa mizabibu, asiinuke tena. Tangu siku hiyo Roselyne alilala bila kupumzika na kuamka bila kujua anaamkia nini. Bata walitaka kulishwa, zabibu zilitaka kuchumwa, na mzee Evariste, baba mkwe wake, alitaka supu yake saa sita kamili kana kwamba hapakufa mtu.

Lakini Jumapili hiyo alikuwa na jambo lake moyoni. Mwaka waliooana, Regis alipikisha brandi yake mwenyewe kutokana na mizabibu aliyoipanda kwa mikono yake, akaitia kwenye pipa moja la mwaloni. Sheria ya nyumba ile ni kwamba pipa haliguswi mpaka mzee aseme liko tayari. Basi kila mwaka Regis alichota kidogo, akampelekea baba yake, akasimama mbele yake ameshika kofia, mtu mzima mwenye mvi zake. Mzee ananusa, anaonja, anarudisha glasi. "Bado," anasema. "Mwakani."

Na Regis hakuwa ameficha nia yake. Tangu mwanzo alisema waziwazi kwamba pipa likiwa tayari ataijaza brandi kwenye chupa, ataiuza, halafu yeye na mkewe watahamia mjini Bayonne kwa dada yake Roselyne, wafungue kaduka kao. Rangi ya mlango walishaichagua. Amekufa akiwa na jibu lile lile la mwakani.

Kwa hiyo Roselyne aliamua kulitoa lile neno kinywani mwa mzee, hata kwa hila. Jikoni aliiacha kando chupa ya mzee, mahali pake akamimina brandi ya Regis aliyoichota pipani kwa siri. Mzee akishaisifu mbele ya watu hataweza kurudi nyuma. Kisha Roselyne angekwenda makaburini kumpa mumewe habari. Hakuna kingine alichokitaka duniani.

Wageni walikuwa wawili. Daktari Cazaubon, aliyestaafu, alileta wiski ya kisiwa kimoja cha Uskochi. Wakili Peyret, mama mwenye ulimi mkali, alileta konyaki ya mjomba wake. Walikwishamaliza bata na keki ya plamu, mikanda imelegezwa.

"Hii ya kwanza ni yako, Daktari," alisema wakili, pua imekunjamana. "Inanuka kama nyumba iliyoungua, halafu wakaizima kwa maji ya bahari."

"Ndiyo raha yake, mama! Wiski inakwambia kwao ni wapi. Hii konyaki yako je? Imeoga, imechana nywele, imejipulizia marashi. Ukiiuliza habari za kwao, kimya."

"Ina adabu. Wewe adabu utaijulia wapi?"

"Adabu niliiacha hospitali siku ile ile niliyostaafu."

Wakacheka. Walipoishika glasi ya tatu kicheko kikakatika. Daktari aliifumbata kiganjani mpaka ikapata joto, akainusa mara mbili, akanywa kidogo sana. Wakili alinywa naye, akaitua glasi taratibu.

"Hii ni ya hapa hapa," Daktari alisema. "Plamu, ngozi ya tandiko, na kitu kingine sikijui jina. Wiski yangu inapiga kelele, konyaki inanong'ona, lakini hii inaongea na mtu. Mzee Evariste, umetuficha hii tangu lini?"

Mzee alikuwa ameinamia glasi yake amefumba macho. Roselyne alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Mwacheni kwanza," alisema wakili. "Anataka tumbembeleze."

"Glasi zilale," mzee akasema hatimaye.

Watu wa kule brandi hawaihukumu jioni. Glasi iliyonywewa huachwa mezani bila kuoshwa, na asubuhi hunuswa ikiwa kavu. Cha kudanganya kitakuwa kimeshatoroka, cha kweli kitakuwa kimebaki. Wageni waliaga, Daktari akiomba apigiwe simu hata kama wiski yake itakuwa imebaki majivu matupu.

Asubuhi Roselyne aliposhuka alimkuta mzee ameshakaa mezani. Akaweka kahawa motoni. Mzee alinusa glasi ya wiski, akasema, "Moshi." Akanusa ya konyaki. "Maua, lakini yanakwenda." Glasi ya tatu aliishika muda mrefu mpaka kahawa ikachemka.

"Hii ya Regis," alisema.

Roselyne akavuta kiti akaketi. "Umejua lini, baba?"

"Jana, ulipoiweka mezani, hata sijaigusa. Unadhani siujui mkono wa mwanangu?"

"Basi sema."

"Niseme nini?"

"Unajua fika ninachokitaka. Nimemzika mtu akiwa anakingojea. Sema, nikamwambie."

Mzee alipangusa mdomo kwa kiganja.

"Iko tayari."

Roselyne aliingoja furaha. Aliitayarishia nafasi tangu mwezi wa tatu, lakini haikuja. Na mzee, ambaye angeweza kunyamaza hapo, hakunyamaza. Labda naye alikuwa amechoka.

"Ilikuwa tayari zamani. Mwaka ule mto ulipobeba daraja."

Mwaka ule Roselyne aliukumbuka vizuri. Regis alimbeba mgongoni kuvuka maji, nywele zake zingali nyeusi, wote wawili wanacheka kama wehu.

"Na ukamwambia bado."

"Nikamwambia bado."

"Kila mwaka."

"Kila mwaka. Ningefanyaje, mwanangu? Ningesema iko tayari, mngekwenda zenu. Mama yake hayupo. Ningebaki hapa na bata."

"Alidhani hana mkono wa kazi hii, baba. Usiku alikuwa ananiuliza, 'Labda mimi sijui, ee?' Na mimi nikamwambia astahimili, wewe ndiye unayejua. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!"

Mzee alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kupigwa, na Roselyne angempiga kama angekuwa na nguvu. Alimchukia, akamwonea huruma, na vyote viwili vilikuwa vizito kubeba asubuhi ile. Makaburini angekwenda kusema nini sasa? Akimwambia Regis iko tayari, si atamuuliza tangu lini?

Walikunywa kahawa. Wanaume wa nyumba ile wakimaliza kahawa humimina brandi kidogo kwenye kikombe kikiwa bado cha moto. Roselyne hakuwahi kuionja brandi ya mumewe. Regis alitaka waionje pamoja siku itakapokubaliwa. Sasa aliinuka, akaichukua chupa aliyoificha nyuma ya unga, akamimina kwenye kikombe chake bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Ilikuwa nzuri. Ilishuka polepole, ikampasha moto kifua na mabega, ikabaki mdomoni muda mrefu, na kila ilipobadilika ladha ikawa nzuri zaidi. Mtu aliyejiona hajui kazi ndiye aliyeifanya. Roselyne alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mbele ya mtu ambaye hakutaka amwone akilia.

Alipotulia aliona mzee amesukuma kikombe chake katikati ya meza, mkono umebaki pale pale. Alimmiminia. Alimmiminia kwa sababu ni mzee, na kwa sababu aliyeipika ni mwanawe. Kisha akamwambia kwamba yeye anaondoka, dada yake wa Bayonne atakuja kumchukua Jumatano.

"Na mtambo?" mzee aliuliza. "Wiki ijayo wako hapa. Nani atakesha na moto? Nani atawapikia wale watu?"

"Sijui, baba."

Alisema kweli. Hakujua, wala hakuwa na nguvu tena ya kujua kwa niaba yake.