Kaunta Iliyotoa Ushahidi

Jumatatu asubuhi, konstebo Selpha Khisa alikuwa akipangusa kaunta ya kituo aliposikia ubao wake ukizungumza. Sauti ilikuwa ya Waithira, mchuma chai aliyekuwa rumande kwa kumuua mumewe, Mburu.

"Afande, Mburu amenikaba koo tena."

Ikafuata sauti ya Sajenti Theuri, tulivu, ya mtu anayekunywa chai: "Mama Lynn, hayo ni mambo ya nyumba. Enda umpikie, mtaongea."

Selpha aliinua kitambaa, ubao ukanyamaza. Alipopangusa tena, ukaendelea palepale ulipoachia. Kufikia saa nne alikuwa amesikia ripoti tisa, kila moja na tarehe yake. Alifungua kitabu cha matukio. Hakuna hata moja iliyoandikwa.

Theuri alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Hiyo mbao ni ya zamani," alisema. "Mbao ya zamani huwa hivyo."

"Basi itaenda kortini, afande," Selpha akajibu, akatafuta bisibisi.

Siku ya kesi aliupeleka ubao begani na kuulaza mbele ya jaji. Waithira alikuwa kizimbani, amesimama wima, leso imefunika alama za shingoni. Selpha alipangusa. Ubao ulisema ripoti zote tisa bila kurukaruka, na ile ya mwisho ikasikika hadi viti vya nyuma.

"Leo ameshika panga, afande. Nikirudi, mmoja wetu hataona kesho."

"Rudi tu, mama. Mwanaume akilewa hulala."

Kiongozi wa mashtaka alisimama. "Mheshimiwa, shahidi huyu hajala kiapo."

Jaji aliuliza kama ubao unaweza kushika Biblia. Wakili wa Waithira alikiri kwamba hauwezi. Jaji akaagiza maneno yake yaondolewe kwenye rekodi, na karani akayakata kwa rula, mstari baada ya mstari. Kisha jaji akamuuliza Waithira kama ana la kusema.

"Nilisema mara tisa," Waithira alijibu, bila kuinamisha macho. "Sina neno jipya."

Alipewa miaka ishirini. Alipopita karibu na Selpha alimshika mkono kwa nguvu, kama wanavyoshikana watu walioandaa harusi pamoja, akaenda na askari jela.

Ubao, kwa kuwa ni mali ya serikali, ulirudishwa kituoni. Tangu siku hiyo ulizungumza bila kupanguswa, kuanzia asubuhi hadi jioni. Maafisa walizoea, kama watu wanavyozoea kinu cha kahawa jirani.

Barua ya uhamisho ya Selpha ilifika mwezi uliofuata. Alikuwa akiitia sahihi wakati mwanamke mmoja wa mtaa wa Majengo alipoingia, mdomo umepasuka, kiatu mguu mmoja. Alianza kueleza.

Theuri aliegemea kaunta, akatega sikio kwa kiganja.

"Ongea kwa nguvu, mama," alisema. "Hii kaunta iko na kelele."