Siku Nduta Alipopanga Sauti

Jumatatu asubuhi Nduta alipanda ngazi za nyuma ya duka la vyuma la Dinesh, mjini Nyeri, akiwa na chupa ya chai na vipande viwili vya nduma. Akafungua studio yake na kuwasha kompyuta. Kompyuta ilichukua muda kuamka, kwa sababu ilikuwa imeshiba.

Nduta alikuwa akitengenezea watu nyimbo za injili na za harusi, na kwa miaka mingi alikuwa ameweka ndani ya kompyuta vipande vya sauti vya kujengea nyimbo hizo. Alikuwa na ngoma, kayamba, jogoo wa Tetu, ng'ombe wa Mweiga, mabati yakigongwa, na kanisa zima likisema amina. Sauti alikuwa nazo. Mpango ndio hakuwa nao. Folda moja iliitwa Ngoma. Nyingine iliitwa Ngoma Mpya. Nyingine iliitwa Ngoma Mpya Kabisa, na ukiifungua hiyo ulikuta mbuzi.

Siku hiyo alitafuta kigelegele cha kutia kwenye wimbo wa harusi akapata kikohozi. Akasema basi, leo ninapanga. Programu yake ya muziki ilikuwa na kitufe cha kutafuta sauti zinazofanana, kuzifuta na kuacha moja moja. Akakibonyeza. Ikamwuliza kama ana hakika. Nduta alikuwa anamenya nduma, akabonyeza ndiyo kwa kidole kidogo. Kompyuta ikapumua, ikawa nyepesi kama iliyotoka kunyolewa.

Kabla ya saa sita Dinesh alipanda ngazi, jambo ambalo hakulipenda kwa ajili ya magoti.

"Nduta, mabati yangu imenyamaza," akasema.

"Yote?"

"Yote. Mteja anagonga, haisikii kitu, anaenda zake."

Mnunuzi wa mabati wa huku hanunui kwa macho. Hugonga kwa kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza, ndipo akajua kama ni bati au ni karatasi iliyopakwa rangi. Dinesh alieleza kwamba alikuwa amempigia simu shemeji yake, Harshil, mwenye duka kama lake kule Kutus. Mabati ya Harshil yalikuwa yanalia vizuri na alikuwa anauza tangu asubuhi.

Nduta akatazama kompyuta. Kwenye folda ya mabati palikuwa pamebaki sauti moja.

"Basi leo iko Kutus," akasema.

"Ikitoka huko nijulishe, nifungue mapema," akasema Dinesh, akashuka ngazi akijishika ukutani.

Ndivyo watu walivyojua kwamba Nduta alikuwa amepanga sauti. Jogoo wote wa kuanzia Tetu hadi Mweiga walibaki na kuwika kumoja, wakawa wanapokezana kutoka mgongo mmoja wa milima hadi mwingine. Mmoja akiwika, wa pili alisimama juu ya ua na mdomo wazi akingoja zamu imfikie. Zamu ya Mweiga ilipofika ilikuwa saa nne, na watu walikuwa wameshapeleka maziwa. Jumapili kanisani mchungaji alimaliza maombi, mzee mmoja wa kiti cha mbele akasema amina, na wengine wakangoja zamu. Ibada iliisha saa kumi jioni. Waliokaa nyuma walirudi nyumbani na amina zao mdomoni.

Hakuna aliyepiga kelele juu ya mambo haya, maana nani angepiga, na kwa sauti ya nani.

Shida ilikuwa vigelegele.

Dada yake Nduta, Watiri, alikuwa ameolewa Tetu kwa Mzee Ngatia, na alikuwa karibu kujifungua. Alikuwa tayari na wasichana watatu. Mumewe Mwai alikuwa mwana wa pekee, mtu mpole wa kuitikia. Mzee Ngatia alikuwa na shamba la majani chai kule chini karibu na mto, na Watiri ndiye aliyelichuma tangu aolewe, mvua na baridi, kikapu mgongoni. Mzee alikuwa ametangaza mbele ya watu kwamba shamba hilo litakuwa la nyumba ya Mwai siku itakapopata mjukuu wa kurithi jina lake Mzee, yaani mvulana. Akikosa safari hii, litakwenda kwa mpwa wake Wambugu, ambaye alikuwa na wavulana hadi wengine wanalala jikoni.

Na Mzee Ngatia hakutaka kuambiwa habari za mtoto kwa simu. Simu ilikuwa imeshamwambia mara moja kwamba ameshinda gari. Yeye alifuata desturi. Siku hizi watoto huzaliwa hospitalini, lakini mtoto akifika langoni wanawake bado hupiga vigelegele, vitano kwa mvulana na vitatu kwa msichana. Mzee alikuwa anakaa kwenye kiti chake barazani, ng'ambo ya bonde, na kuhesabu. Kwa Watiri alikuwa amehesabu tatu, tatu, na tatu.

Jumanne ya wiki iliyofuata mke wa Mzee, Nyaguthii, ambaye kila mtu humwita Cucu kwa kuwa ni nyanya wa watoto, alipanda ngazi za Dinesh. Yeye ndiye kiongozi wa wanawake wa kupiga vigelegele, na vile vilivyokuwa kwenye kompyuta ya Nduta vilikuwa vyake. Ukienda harusi yoyote kati ya Nyeri na Karatina ukasikia wimbo wa kuingiza bibi harusi, huyo ni Cucu.

Akaketi, akavua kitambaa cha kichwa, akakikunja, akakivaa tena.

"Jana tulikuwa na mtoto kwa jirani," akasema. "Mvulana. Nikapiga moja. Ya pili nikafungua mdomo, ikatoka hewa. Wenzangu pia, hewa tu. Sasa baba ya mtoto ananiuliza, Cucu, moja ni nini? Ati ni mbuzi?"

Nduta akakiri kwamba vilikuwa vitano na programu iliviona vinafanana.

"Hiyo mashine haina masikio," akasema Cucu. "Ya tatu niliivuta kidogo. Nilikuwa na mafua."

Halafu akamweleza kwamba Watiri ameanza kuumwa, na kwamba Mzee amesema akisikia moja hataelewa, na asipoelewa, shamba linakwenda kwa Wambugu. Akanywa chai, akauliza nduma ni ya wapi, akaenda.

Nduta akafungua pipa la taka la kompyuta. Sauti zote zilikuwa humo, zimerundikana kama viazi. Akarudisha mabati kwanza, na papo hapo chini dukani mtu akagonga bati likalia, Dinesh akasema bei. Akarudisha amina. Jogoo aliwaacha, maana hakuna aliyekuwa amelalamika. Watu wa Tetu walikuwa wamegundua kulala.

Kisha akarudisha vigelegele vinne vilivyofutwa. Ili programu isije ikavifuta tena, akavichukua vyote vitano, akavipanga mstari mmoja, akaviunganisha kuwa kipande kimoja kisichokatika. Akakipa jina Cucu Usiguse. Watu wengine husema alifanya makusudi. Mwenyewe, ukimwuliza, husema alikuwa anapanga tu.

Ijumaa mchana Watiri akafika nyumbani na mtoto kwenye blanketi ya manjano. Alikuwa msichana. Mwai alikuwa ameshika mkoba na kutazama viatu vyake. Wanawake walikuwa wamejipanga langoni, na Cucu akawaambia ni tatu, tusimchoshe mtoto. Wakafungua midomo. Wakapiga cha kwanza, cha pili, cha tatu. Wakafunga midomo. Cha nne kikatoka kupitia puani. Cha tano mama mmoja alijaribu kukizuia kwa leso, kikampeperushia leso hadi kwenye mchongoma.

Ng'ambo ya bonde Mzee Ngatia akasimama.

Alifika na fimbo, koti la kanisani na kondoo dume. Majirani wakamfuata, na Wambugu nyuma yao. Mzee akafunua blanketi, akaangalia, akaendelea kuangalia.

"Ni msichana, Baba Mwai," akasema Cucu.

"Nimehesabu tano."

"Tulipiga tatu. Zikatoka tano."

"Mimi nahesabu zenye zimenifikia," akasema Mzee. "Nisipohesabu hizo nitahesabu gani?"

Wambugu akakohoa, akasema kwa heshima kwamba pengine mzee aangalie tena. Mzee akamwambia ameshaangalia, macho yake ni mazuri, lakini desturi si ya macho. Angewezaje kurudi nyumbani na kondoo mbele ya watu wote hawa? Akamtemea mtoto mate ya baraka kifuani, akamwita Ngatia, akatangaza kwamba mvulana wake amefika na shamba la chini ni la nyumba hiyo. Mtoto akapiga chafya. Kondoo akachinjwa.

Cheti cha kuzaliwa kiliandikwa Ngatia, msichana, na karani hakuinua kichwa. Watiri akarudi kuchuma majani chai, safari hii akiwa na mvulana wake mgongoni amefungwa riboni.

Lakini desturi haikuachwa hivyo hivyo. Kwa kuwa sasa kila mtoto wa Tetu alipigiwa vitano, apende asipende, wazee walikaa kikao nyumbani kwa Wambugu. Wakala, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo vigelegele havihesabiwi. Mvulana atajulikana kwa honi ya pikapu. Msichana hatapigiwa honi. Walioingia wameingia, wakasema, wakimaanisha mmoja. Dada watatu wa Ngatia mdogo walibaki wasichana kama walivyokuwa, wakaendelea kubeba maji.

Baada ya hapo Cucu alipanda tena ngazi za Dinesh. Alipumzika kwanza.

"Mimi nilipigiwa tatu," akamwambia Nduta. "Hiyo mashine yako iko na zangu za kuzaliwa?"

Nduta akamwambia siku hiyo hakukuwa na mashine.

"Basi chukua mbili sasa, uniongezee zitimie tano. Hiyo bustani yangu ya jikoni nimelima tangu nivishwe shuka ya bibi arusi, na bado ni ya Mzee. Nataka iwe yangu nikiwa bado na meno."

Nduta akaona ni haki. Akamwekea kipaza sauti, Cucu akapiga viwili vizuri, bila mafua. Nduta akaviunganisha mwishoni mwa vile vitano, vimtokee Cucu peke yake. Cucu akarudi nyumbani, akamweleza mumewe kwamba hesabu yake imetimia. Mzee alifikiria sana, maana alikuwa mtu wa haki. Akasema hapana. Siku aliyozaliwa Cucu, yeye Mzee hakuwa barazani kuhesabu.

Cucu alichukua jembe.

Tangu hapo, kila akimaliza kupalilia hunyoosha mgongo katikati ya sukuma wiki zake na kupiga, na vinatoka saba. Ng'ombe huacha kula. Barazani Mzee Ngatia huhesabu kwa vidole, mkono mmoja humwishia, huendelea kwa wa pili, kisha husimama na kutafuta koti lake la kanisani.

"Nani amezaliwa?" huuliza.

"Hakuna," Cucu humjibu kutoka bustanini. "Ni mimi tu."

Na Mzee huketi tena.