Shujaa wa Kwenye Karatasi

Nkirote alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama walimu wengi aliamini kwamba ukimtazama mtu akicheza, utamjua. Imani hiyo ndiyo iliyomponza.

Mchezo wenyewe aliuleta mjini Laare kutoka chuo kikuu: dadu za pande nyingi, penseli, na karatasi ambamo kila mchezaji humwandika mtu wake wa kubuni. Nkirote ndiye aliyesimulia hadithi na kusema kwa sauti za watu wengine wote waliomo. Wachezaji waliamua watu wao watatenda nini. Juu ya kila karatasi huandikwa msimamo: huyu ni mwema au mwovu, anashika sheria au hazimhusu. Na msimamo hauandikwi ukasahaulika. Mtu akitenda kinyume, msimulizi ana ruhusa ya kuufuta na kuandika mwingine.

Salesio, mfungaji wa mafungu ya miraa, alijichagulia mwizi, akaiba hadi viatu vya maiti. Kinya wa duka la dawa alikuwa mchawi asiye na upande. Lakini Kaberia, kaka yake Nkirote, alikuwa shujaa mwema, mshika sheria, aliyeapa kuwatetea wanyonge. Na aliwatetea kwelikweli! Kila Jumapili baada ya kanisa, chumbani kwa Nkirote nyuma ya duka la mbolea, aliwagawia yatima mkate wake, akakataa hongo ya mfalme, akamlilia punda aliyefia vitani. Nkirote alimtazama akajiambia, huyu ndiye ndugu yangu hasa.

Ndiyo maana ukoo ulipokutana kugawa shamba la miraa la marehemu baba yao, hakutafuta wakili.

"Utanisemea?" alimwuliza Kaberia.

"Wewe ni damu yangu. Hiyo hata si kitu ya kuuliza."

Wazee wakasema yao ya siku zote: miraa ni mti wa wanaume, na Nkirote ana mshahara, tena ataolewa. Kisha wakamgeukia Kaberia. Akasimama, akavua kofia, akasema kwa upole uleule wa shujaa, "Mimi ni mtu wa kuheshimu sheria za kwetu. Siwezi kuwapinga wazee." Akaketi. Shamba lote likawa lake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Hawakusema kwamba kikishashiba kitakuuliza mbona umenuna.

Kwa maana kesho yake, Jumapili, Kaberia alikuja kucheza kama kawaida, soda mkononi.

Nkirote hakugombana. Alisimulia. Shujaa amefika kijiji ambako wazee wamemfukuza binti mmoja kwenye shamba la marehemu baba yake, kwa kuwa ni mwanamke. Alisimulia polepole, macho yake usoni mwa kaka yake. Kinya, aliyejua habari ya ukoo, akainamisha kichwa. Kaberia akapiga meza.

"Mila gani hiyo ya kula mali ya yatima?" akanguruma. "Wazee, leo mtanitambua! Shamba ni la huyu msichana. Natoa upanga!"

Dadu ikaangukia ishirini, namba ya juu kabisa, ya ushindi. Salesio akapiga makofi. Kaberia alikuwa aking'aa kwa furaha, wala hakuwa na haya hata kidogo. Nkirote aliivuta karatasi ya shujaa, akafuta neno "mwema", akaandika "mwovu".

"Kwani amefanya nini?" Kaberia aliuliza.

"Unajua. Jana, mbele ya wazee."

"Hiyo ni maisha, Nkirote. Hii ni game. Shujaa wangu hakuwa hapo!" Sauti ikaanza kumtetemeka. "Nimemlea huyu mtu tangu tuanze. Huwezi kuamka tu umnyang'anye mtu kitu yake, eti kwa sababu wewe ndio uko na nguvu. Huo ni uonevu!"

Machozi yakamtoka. Mbele ya wazee hakuwa amemwaga hata tone.

Nkirote akawatazama wenzake. Salesio akajikuna kichwa. "Madam, pole kwa mambo ya shamba. Lakini hapa tunaangalia kitu mtu amefanya hapa mezani. Rules ni rules."

"Amemrudishia msichana shamba," Kinya alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni mwema, Nkirote."

Walisema kweli, na ukweli huo ulimchoma kuliko uamuzi wa ukoo. Wema wa kaka yake haukuwa wa kuigiza. Ulikuwepo, mwingi tu, ila uliishi mahali ambapo haukumgharimu hata mche mmoja wa miraa. Akachukua kifutio, akafuta, akarudisha "mwema".

"Asante, dada," Kaberia alisema akipangusa macho. "Haki ni haki. Haya, sasa nampatia msichana shamba lake. Anasema nini?"

Wote wakamsubiri Nkirote, kwani yule binti hakuwa na sauti nyingine ila ya msimulizi.

"Anapiga magoti," alisema. "Anasema, Mungu akubariki, bwana. Bila wewe ningeenda wapi?"