Injini Ilizimwa ili Kikao Kisikilizane

Nilikuwa katibu muhtasi miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje. Niliulizwa, "Umeandika?" Nikajibu, "Nimeandika." Basi. Mkurugenzi wangu alistaafu, nami nikastaafu miezi saba baadaye, nikadhani tumeachana salama. Kumbe mtu anastaafu kazi tu. Ukurugenzi anaondoka nao nyumbani, pamoja na kitambi.

Kilichotukutanisha tena ni gari. Si gari la kupanda watu. Ni gari dogo la rimoti, linaloenea kwenye sinia, ila lina injini ya kweli inayokunywa mafuta ya nitro, inayonguruma na kutoa moshi. Ni la mume wangu. Namwita Fundi, hata mbele ya wakwe namwita hivyo hivyo. Alitengeneza jenereta maisha yake yote, na jenereta zikamla masikio. Sasa hasikii kitu, na ukitaka kumwambia jambo la maana inabidi uliandike.

Kila Jumamosi asubuhi wenye magari haya hukusanyika kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ghala, wakashindana raundi ishirini. Macho ya Fundi ni mazima na vidole vyake vyepesi, kwa hiyo kuendesha hakumpi shida. Kinachomshinda ni kabureta. Kabureta hiyo ina skrubu ya kupimia mafuta, wenyewe wanaiita sindano. Ukiifungua sana mafuta yanazidi, injini inakohoa moshi na kujivuta. Ukiikaza sana mafuta yanapungua, injini inapiga kelele nyembamba, inapata joto la kupindukia, inazima. Mahali pake pako katikati na panatafutwa kwa sikio. Siku Fundi alipogundua kwamba hata mlio huo haumfikii tena, aliweka bisibisi mezani akasema, "Hii si kazi ya macho." Hakuishika tena.

Mkurugenzi alipita uwanjani Jumamosi moja, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akakuta gari letu limezima, Fundi kalikodolea macho, mimi nimeshika chupa ya mafuta. Aliona tatizo lisilo na kamati, akaumia.

Juma lililofuata kamati ilikuwepo. Mwenyekiti, Mkurugenzi mwenyewe. Mjumbe, aliyekuwa mkuu wetu wa usafiri, ambaye hajawahi kuendesha chochote maishani. Idarani tulimwita Robo kwa sababu kila hoja yeye hupendekeza robo ya kinachoombwa. Mshauri wa ufundi, Fundi, asiye na haki ya kupiga kura. Na katibu nani kama si mimi? Nilipewa daftari jipya lenye mistari myembamba, nikalipokea kwa mikono miwili. Mazoea yana taabu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Gari linawashwa, linazungushwa kidogo, injini inapata moto. Hapo Mkurugenzi anainua mkono.

"Tutasikilizana vipi na kelele zote hizi? Izimwe tukae."

Robo anaziba bomba la moshi kwa kitambaa, injini inakata roho, viti vya plastiki vinavutwa. Mwenyekiti anafungua kikao. Anawashukuru wajumbe kwa kuacha shughuli zao, ingawa wote tunajua hawana shughuli. Anakumbusha tulikotoka. Mjadala unaanza.

"Mimi napendekeza robo mzunguko," anasema Robo.

"Kwenda upande gani?"

"Hilo tuliachie kiti."

Baada ya dakika ishirini au thelathini, gari linawashwa upya ili kikao kijiridhishe. Linatoa moshi, linajivuta, linakohoa. Mkurugenzi anatabasamu. "Mnaona? Mafuta mengi. Ikazwe." Inakazwa robo, ninaandika robo, mashindano yanaanza. Raundi ya kwanza gari linakwenda vizuri. Ya pili linapiga mbio mpaka watu wanageuka. Ya tatu linaanza kupiga kelele kama mbu. Ya nne linazima mbele za watu, na Fundi anashuka kwenye jukwaa la waendeshaji na rimoti mkononi, anakwenda kuliokota.

Hayo tuliyafanya Jumamosi kumi na moja, na kila mara sindano ilirudishwa ilipokuwa ili kikao kijacho kianze upya.

Kumbukumbu za vikao nilizipiga chapa kila Ijumaa na kumpa Fundi azisome, maana ndizo zilizokuwa masikio yake. Alizisoma kwa miwani, mstari kwa mstari, na kwa kawaida alizicheka. Ijumaa ile ya kumi na moja hakucheka. Alikunja karatasi akaniambia kwa ile sauti yake kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe, "Kesho ikizima tena, nalifunga kwenye boksi nampelekea mpwa wangu. Nimechoka kuokota gari mbele za watu. Nami sitatoka tena."

Najua mume wangu. Akisema hatoki, hatoki. Jumamosi ndiyo siku pekee anayovaa viatu. Wanaume wenzake wa uwanjani wanamwandikia viganjani kwa kalamu, wanamtania, naye anarudi nyumbani na maneno ya kunisimulia mpaka Jumatatu. Siku nyingine anakaa dirishani na ukimya wake, nami nakaa na wangu. Niliogopa, sitaficha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa barua yoyote ya onyo.

Nikatoa faili lote, nikalitandaza juu ya meza ya jikoni. Sikuwa natafuta kitu, nilitaka tu mikono iwe na kazi. Nikasoma kikao cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kwenye cha tano nikarudi nyuma kulinganisha. Kila kikao kilianza kwa maneno yale yale, kwa mkono wangu mwenyewe: *Injini ilizimwa ili kikao kisikilizane.* Na kila kikao kilikuwa na taarifa ile ile ya mwisho: *Gari lilizima raundi ya nne.*

Injini baridi lazima itoe moshi na kujivuta. Nilikaa nyumba moja na jenereta miaka thelathini, hilo nalijua kama ninavyojua mlango wangu. Sisi tulikuwa tunaipima ikiwa imepoa, tunaikaza kwa sababu ya ubaridi wake, halafu ikipata moto inakosa mafuta. Tuliinyonga wenyewe kila juma, tena kwa kura.

Nikamwendea Fundi dirishani, nikaandika nyuma ya karatasi: *Mbona hukutuambia irekebishwe ikiwa ya moto?*

Akasoma. Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nilisema mara tatu," akasema. "Umeandika mwenyewe."

Nikarudi jikoni nikatafuta. Kweli ilikuwepo, kikao cha pili, cha tatu na cha sita: *Mshauri wa ufundi alizungumza nje ya utaratibu.* Nililiandika hilo kwa sababu Mkurugenzi aliniambia niliandike. Alichokisema mume wangu sikukiandika kabisa. Baada ya kikao cha sita alikoma kusema, nami katibu hodari wala sikugundua. Nilikaa pale jikoni nikalia kidogo, kisha nikanawa uso nikapiga pasi shati lake la Jumamosi.

Asubuhi yake kamati ilikaa kama kawaida. Injini ilizimwa, shukrani zikatolewa, Robo akapendekeza robo, kiti kikaafiki, sindano ikakazwa. Niliandika tu. Sitaki kujifanya shujaa, miaka ishirini na sita haivuliwi kama koti. Lakini kabla Fundi hajapanda jukwaani niliandika kiganjani mwake: *Nikiinua faili, lete gari kwangu.*

Raundi ya kwanza vizuri. Ya pili mbio. Katikati ya raundi ya tatu nikausikia ule mlio wa mbu, na nikaona bomba halitoi hata uzi wa moshi. Nikainua faili jekundu juu ya kichwa. Fundi akaliona, akakata kona, akalileta gari hadi miguuni kwangu, linalia, liko moto kweli kweli.

Mkurugenzi akainuka kitini. "Dharura! Zima tukae."

Robo akachomoa kitambaa.

"Haizimwi," nikasema.

"Katibu?"

"Haizimwi, bosi. Kaa wewe."

Robo alikuwa ameshainama. Nikampokonya kitambaa, nikakitia kwapani. Alibaki ameinama vile vile, hajui arudi vipi. Nikalowesha kidole kwa mate, nikadondosha tone juu ya kichwa cha injini kama nilivyomwona Fundi akifanya miaka nenda miaka rudi. Likapotea papo hapo. Moto umepita kiasi. Nikayainua magurudumu ya nyuma, nikamwashiria Fundi aongeze mafuta, na injini ikapiga yowe. Nikachukua bisibisi ya kamati, nikaiweka kwenye sindano.

"Hatujaafikiana upande!" akasema Mkurugenzi nyuma yangu. "Kuna utaratibu, mama! Kuna utaratibu!"

Nikafungua kidogo sana. Hakuna kitu. Nikafungua tena. Sauti ikashuka, ikanenepa, na uzi wa moshi wa buluu ukatoka bombani. Nikadondosha tone jingine: likachemka, likazunguka, likakauka taratibu. Nikaliweka gari chini likaondoka.

Raundi ya nne ilipita. Robo alikuwa amejinyoosha sasa, anahesabu kwa vidole, na ya tano ilipopita akasahau yuko upande gani akapiga makofi. Ya kumi, ya kumi na tano. Magari mengine yalikuwa yametutangulia mbali, wengine wamekwisha kumaliza na wanafuta magurudumu. Sisi tulimaliza wa tisa kati ya tisa. Raundi ishirini, zote. Fundi hakusikia injini, hakusikia watu waliokuwa wanampigia kelele, lakini aliuona ule moshi unazunguka uwanja mpaka mwisho. Alishuka akasema kwa sauti iliyofika ghalani, "Limemaliza!" Akarudia. Akawa anamwambia kila anayekutana naye, kana kwamba wao ndio viziwi.

Mkurugenzi alisubiri vumbi litulie. Alikwisha kukaa, miguu ameipishanisha, tai iko sawa.

"Katibu, andika. Kikao cha dharura, chini ya mwenyekiti, kiliazimia kwa kauli moja sindano ifunguliwe."

"Robo," akaongeza Robo.

Nikafungua daftari, nikaandika. Mkurugenzi akaridhika kuona kalamu inatembea, maana maisha yake yote hakuwahi kusoma nilichoandika, alikuwa anatia saini tu. Nilipomaliza sikumpelekea. Nilimpelekea Fundi, aliyekuwa amechuchumaa kando ya gari lake. Akavaa miwani, akasoma:

*Marekebisho ya kikao cha pili, cha tatu na cha sita: Mshauri wa ufundi alisema injini irekebishwe ikiwa ya moto. Hakusikilizwa. Kikao cha leo hakikufanyika. Injini ilikuwa inawaka.*

Alisoma mara mbili. Kisha akaniomba kalamu, akatia saini mahali pa mwenyekiti.