Kitanda cha Mabawa cha Emery

Mimi nilimwambia mume wangu Adolphe waziwazi: kitanda ni kitanda, mtoto analala, basi. Lakini Adolphe ni seremala, na seremala akishaota kitu chake, kumkataza ni kumpigia mbuzi gitaa.

Mateso yenyewe yalianza na moyo wa mtoto wetu, Emery. Alizaliwa na tundu mu moyo. Akikimbia kidogo tu pumzi inamkatikia, anakaa chini kama mzee. Madaktari wa Mbarara, huku Uganda, walisema hawawezi kuliziba hapa, lazima apelekwe Ulaya. Basi tukaandikishwa pamoja na wakimbizi wengine wanaongoja kusafirishwa. Tukaambiwa mukae tayari, siku yoyote mutaitwa.

Emery aliposikia atapanda ndege, alilia mpaka akatapika. Musimushangae. Kwetu Kongo, kule milima ya Fizi, helikopta ya vita ikitokea tulikuwa tunamtupa mu mihogo na kumlalia juu. Ndege anayoijua yeye ni ile. "Mama, mimi sipandi! Muniache hapa!" Na daktari alishatuonya kwamba mtoto wa moyo vile haogopeshwi. Sasa utampandishaje ndege mtoto anayeweza kukufia kwenye ngazi?

Ndipo Adolphe akasema, "Nitamuzoesha. Atalala mu ndege kila siku, mpaka aione ni nyumba." Alikuwa anafanya kazi kwenye karakana moja Biharwe, na wake za askari wa kambi ya Mbarara walikuwa wanaagiza pale vitanda vya sura ya gari kwa watoto wao. Alishamtengenezea mama mmoja, Natukunda, kitanda chenye magurudumu na taa za kuchora. Ndege ingemshinda nini?

Akaileta vipandevipande kwa boda boda: pua, mkia, na mabawa mawili ya mbao za mikaratusi, yamepakwa rangi nyeupe. Chumba chetu cha udongo kikakataa kuyameza. Akakata bawa moja kwa msumeno, likabaki kama mkono wa kilema. Nilicheka mpaka machozi. "Baba Emery, hii ndege yako imepigwa risasi?" Akanuna, hata ugali hakugusa.

Kumbe batu walikuwa wameona yale mabawa njiani. Mu Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, hakuna habari inayokwenda mbio kama ya ndege. Jua halijazama, mlango umejaa. "Safari njema! Mumepata ndege!" Na hapa kwetu anayeondoka anagawa vyombo vyake, akinyima, wanasema amejifungia njia mwenyewe. Jirani yangu Mukandoli akataka sufuria kubwa. "Mukono mutupu haulambwi, mama Emery."

"Aka! Muko tai? Nani aliwaambia tunaenda?" Niliwafokea wote, lakini rohoni nikaogopa. Itakuwaje kama kweli ninamfungia mtoto njia kwa ajili ya sufuria? Nikampa. Kabanda wa nyumba ya pili akapata majembe, na Adolphe akamwachia hata shamba la mahindi. Sisi tukawa tunapikia kwa kuazima, wajinga wa Mungu, na hatujaitwa na mtu.

Kitanda kilifanya kazi, sikatai. Mwanzo Emery alikataa hata kukigusa, akalala chini pembeni yangu. Halafu akaanza kukaa kwenye mkia mchana. Adolphe anajifanya rubani: "Abiria, funga mukanda!" Mtoto anashika mbao kwa mikono yote miwili, macho amefumba, lakini anacheka. Siku moja nikamkuta amelala humo mwenyewe, kinywa wazi.

Halafu tukaitwa Mbarara kwa kupimwa. Adolphe alibaki na mtoto nje, mimi nikaingia. Daktari alikuwa ameshampima kifua na kumrudia mara nyingi. Akasema Kiingereza kirefu, na muuguzi, Kyomuhendo, akanigeuzia kwa Kiswahili chake cha kambi ya askari.

"Mama, pole sana. Ile tundu nakaa siku mingi, sasa naharibu mapafu. Hata huko Ulaya hawawezi kupasua tena. Na ndege hapana. Hewa ya juu itaua yeye."

"Dada, muulize tena," nilisema. "Mwambie tulishagawa kila kitu."

Sijui kwa nini nilisema hivyo, kama kwamba ndege inanunuliwa kwa sufuria. Akauliza tena. Jibu likawa lile lile.

Nje nilimwambia Adolphe kwa Kifaransa changu kibovu, ili Emery asielewe. Tulipofika Kabingo, njiani, akashuka gari, akasimama nyuma ya duka, akalia kwa sauti, wapita njia wanamwangalia. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira, na ninayo mpaka leo: na wale waliotuambia tungoje, na Mungu pia, niseme ukweli. Yeye tundu lile aliliona tangu tumboni.

Jioni, nyumbani, Emery alipanda kitandani kwake bila kubembelezwa. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya bluu. Akamwita baba yake.

"Papa, waambie watu wa ndege sasa wanaweza kuja kunichukua."

Adolphe akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ukuta.

"Papa, unasikia? Siogopi tena."